Kengele Mbele ya Mji wa Mkwe

Naomba mtu anieleze, maana mimi nimefikiri mpaka kichwa kimeuma. Mwanamke akipanda baiskeli yake mwenyewe, mikono yake kwenye usukani wake, ni aibu. Mwanamke huyohuyo akipanda pikipiki, akakaa nyuma ya mwanamume asiyemjua hata jina, kifua kikigonga mgongo wa watu kila wakiingia shimoni, hiyo ni heshima. Kikao kilichopitisha jambo hilo kilikaa wapi? Mimi sikuitwa.

Naitwa Adventina. Ni muuguzi katika kituo kimoja cha afya Musoma mjini, na nimeolewa Nyegina. Kwetu ni Bunda, kwa wakulima wa pamba, na baiskeli nilijifunzia kwenye ile ya baba ya kubebea magunia, nimepitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu siti sikuifikia. Nilipoajiriwa nilinunua yangu, nyeusi, yenye keria na kengele ambayo hata kiziwi angegeuka. Kila asubuhi nilivaa suruali ndani ya gauni nikaondoka. Nilifika kazini nimetulia, ugomvi wote wa nyumbani nimeuacha njiani.

Sasa njia ya kutoka kwangu kwenda barabara kubwa inapita mbele ya mji wa baba mkwe wangu, mzee Magige; huku kwetu mji ni boma la mtu na zizi lake. Asiyejua mambo ya huku ajue kwamba mke wa mtoto na baba mkwe hawazoeani. Hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawasemezani ila kwa kupitia mtu wa tatu. Wakikutana njiani, mwanamke anashuka, anakaa pembeni, anageuza uso mpaka mzee apite. Heshima hiyo naikubali na nimeishika tangu siku niliyoolewa. Nikikaribia pale nilikuwa napiga kengele kwa ajili ya ng'ombe wake, ambao hulala njiani kama wamepanga. Mzee mwenyewe sikuwahi kumkuta. Nilijiona mwenye bahati.

Mwaka jana mume wangu, Faustine, alikwenda msibani Butiama akarudi amenuna. Chakula hakukigusa. Nilipomuuliza, alisema akiangalia ukuta kwamba mzee amekasirika. Eti kila asubuhi nampitia mbele ya mji wake nimepanua miguu juu ya chuma, na watu wanaona. Eti mzee anataka baiskeli ipumzike.

Uso uliniwaka kwa aibu. Nilimwambia nitatafuta mtu twende naye kuomba radhi, akaniuliza ninataka kuongeza kosa juu ya kosa? Yaani nimtume mtu kwa mkwe wangu kuzungumza habari za miguu yangu? Jambo la namna hiyo kweli halisemeki kwa mkwe, hata kupitia mtu. Baiskeli nikaiegemeza stoo, nyuma ya magunia ya muhogo.

Faustine mwenyewe ndiye aliyenitafutia bodaboda wa pale senta. Huyo bwana alikuwa anakuja akitaka, na asipotaka nilisimama barabarani mpaka vumbi likanibadilisha rangi. Siku za gulio alitubeba mshikaki, mimi katikati, mwanamume mbele na mwanamume nyuma, ndoo ya dagaa mapajani. Tulipita hivyohivyo mbele ya mji wa mzee Magige. Hakuna aliyeniambia nimepanua miguu. Nilikuwa nafika kazini na hasira, nawajibu wagonjwa kwa mkato, halafu najichukia.

Lakini baya zaidi ni lililokuja baadaye. Hamu yenyewe ilikufa. Zipo siku Faustine alikuwa kazini Suguti, anajenga nyumba ya watu, analala hukohuko, na mimi ningeweza kuitoa baiskeli nikazunguka kwa njia ya juu. Niliiangalia, tairi zimekaa chini, buibui amejenga kwenye spoku, nikarudi kitandani kumsubiri bodaboda. Mwili ulikuwa umezoea kubebwa. Kazini mwenzangu Jenoveva aliponiuliza baiskeli iko wapi, nilimjibu kwamba magoti yananisumbua. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka yakaanza kuuma kweli.

Masika yalipoanza, asubuhi moja tulikuwa chumba cha vidonda, mimi na Jenoveva, nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Kikohozi kile nakijua. Niliacha mkasi nikakimbilia nyuma ya pazia.

Alikuwa mzee Magige. Jembe limemkata mguu. Jenoveva, ambaye ajira ndiyo iliyomleta huku na mila zetu anazishangaa, akamkalisha akaanza kumsafisha. Mimi nikawa namnong'oneza kutoka nyuma ya pazia aangalie vizuri kama kuna udongo umebaki. Mzee akasikia mnong'ono. Akamuuliza kama mke wa mwanawe bado anafanya kazi hapa.

Jenoveva akasema yuko hapo nyuma ya pazia.

Nikasikia kiti kinaburutwa. Mzee alikuwa anageuka aelekee ukutani, na mguu wake mkononi mwa Jenoveva.

"Muulize mke wa mwanangu," akasema, "ile kengele yake mbona siisikiagi siku hizi? Mimi nilikuwaga nikiisikia naingia nyuma ya zizi, ili apite bila kushuka. Si ana wagonjwa wanamngojea? Sasa nakaa, nakaa, kimya. Nikasema labda kazi imeisha."

Jenoveva akanirudishia maneno yote, neno kwa neno, kana kwamba pazia ni ukuta wa mawe. Nilikuwa nimeshika fimbo ya dripu kwa nguvu. Nikamwambia amuulize mzee kama ni yeye aliyekataza baiskeli.

"Mimi?" mzee akasema. "Nimkatazie wapi? Kwani mimi na yeye tunaongeaga? Nani kamwambia hivyo?"

Jenoveva akachungulia pazia, ananisubiri. Ningeweza kumtaja Faustine pale pale. Nikawaza mzee huyu, asubuhi zote zile za kukimbilia kwenye samadi kwa ajili yangu, halafu nimuaibishie mwanawe mbele ya mgeni, mguu ukiwa unavuja damu.

"Mwambie yalikuwa magoti," nikasema. "Yamepona."

Jioni nilimngoja Faustine mlangoni. Nilimwambia nimeonana na baba yake, kwa pazia lakini tumeonana. Alianza kwa kukana, akahamia kwenye kucheka, mwisho akakaa. Kumbe msibani kule Butiama wanaume wenzake walimuuliza nani anavaa suruali nyumbani kwake. Alisema angeniambia yeye mwenyewe niache, nisingekubali. Kwa hiyo akamsingizia mzee.

"Ulijua siwezi kwenda kumuuliza," nikasema.

"Nilijua."

Neno hilo lilinichoma kuliko uongo wenyewe. Heshima niliyomshikia baba yake kwa miaka yote, mtu akaingia ndani yake akajificha, kama mwizi kanisani. Sikupiga kelele. Nilikwenda stoo, nikahamisha magunia ya muhogo, nikaitoa baiskeli uani. Nilijaza upepo mwenyewe, nikapaka cheni mafuta ya kupikia maana mengine hayakuwepo. Faustine alikaa anatazama. Hakuinuka kunisaidia, na mimi sikutaka.

Asubuhi yake aliondoka kabla yangu, bila kuaga. Nisidanganye kwamba nilipaa. Mapaja yaliwaka moto, pumzi ilikata, na kwenye kile kimlima kidogo nilishuka nikasukuma huku nimejaa tope mpaka magotini. Lakini nilikuwa nimekasirika vya kutosha kufika Musoma na kurudi mara mbili. Nilipokaribia mji wa mkwe wangu nilipiga kengele, si kwa ajili ya ng'ombe. Nikaona bandeji nyeupe inachechemea haraka kuelekea nyuma ya zizi. Nikageuza uso upande wa pili, kama inavyotakiwa, nikapita bila kushuka.

Pale senta Faustine alikuwa amesimama na wenzake katikati ya njia, wanasubiri lori la kuwapeleka saiti. Yule bodaboda wangu naye alikuwepo. Nilipiga kengele. Wenzake wakasogea, mmoja anacheka. Bodaboda akasogeza pikipiki. Faustine akabaki amesimama palepale, mikono mifukoni, ananingoja nishuke.

Sikushuka. Nilibana breki mbele yake kabisa, mguu mmoja chini, na nikamwambia kwa sauti ya kawaida, wote wakisikia.

"Baba yako ana kidonda, na amenipisha."

Akapisha.