Watoza, Mtakulapi?

Wazazi tisa walikuja kuamua kama darasa langu la Kiswahili libaki na chumba cha chini ya kanisa, hapa Lawrence Heights, Toronto, au chumba wapewe wanakwaya. Ufunguo ulikuwa mezani, na kiganja cha mwenyekiti, Mzee Nyakundi, juu yake.

Nilikuwa nimewatungia watoto shairi. Shuleni walikuwa wamesoma jinsi watu wa Boston walivyokataa ushuru wa Mwingereza, wakapanda melini na kumwaga chai yake. Nikasema, hilo nitalitia mizani. Sasa watoto wakaghani mbele ya wazazi:

*Chai hatuitamani, ushuru hatuulipi,*
*Twaimwaga baharini, watoza, mtakulapi?*

Mzee Nyakundi akasimama. Kiti kikaanguka.

"Murithi! Nani amekutuma?"

"Hakuna, mzee. Nimetunga mwenyewe."

"Chai! Watoza! Kula! Unawafundisha watoto waniimbie usoni?"

Nkirote, katibu wetu, akaninong'oneza. "Kwani hujui? Alikuwa afisa wa forodha bandarini kule nyumbani. Alifukuzwa. Walisema alikula chai."

Kumbe! Mimi nilisema majani, yeye alisikia hongo. Ningemweleza kwa upole, lakini kidole chake kilikuwa puani pangu.

"Futa huo ubeti, ama leo hii ufunguo unaenda kwa kwaya."

"Sifuti. Hiyo ni chai ya Boston, mzee. Anayewashwa ajikune."

Mama mmoja akaguna. Nkirote akafumba macho. Mzee alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Kijana, liliingia kontena, nikaambiwa nisilifungue. Bahasha ikawekwa mezani pangu. Nikaiacha hapo hapo, nikalifungua kontena. Kesho yake bahasha 'ikapatikana' kwenye droo yangu. Sikuigusa. Miaka ishirini nasukuma vitanda vya wagonjwa hapa Toronto, na bado mimi ni mla chai."

Sijawahi kufuta mstari wangu, na sikufuta hata siku ile. Lakini ulimi wangu ulikuwa umechoma mtu asiye na hatia, na shairi lilikuwa na pengo. Nikawageukia watoto, nikaghani mstari mpya polepole, nao wakaurudia:

*Mmoja wa bandarini, hakuila, yuko wapi?*

Mzee Nyakundi akainua kiti chake, akakaa.

"Yupo hapa," akasema.

Kisha akausukuma ufunguo hadi upande wangu wa meza.

"Kwaya waimbie huko huko juu. Na wewe, Murithi, huo ubeti haujaisha. Jumamosi nataka kuusikia wote."