Ushahidi wa Pua

Utafiti ulipokaribia ukingoni, wakazi wa Gehandu walikuwa wameelimika kwa kasi ambayo ingewatia wivu wakazi wa miji mikubwa. Mwanzoni karibu kila kaya ilikiri kunywa maziwa mabichi. Baada ya semina, mabango yenye picha ya ng'ombe anayetabasamu, na fulana za kijani zilizogawiwa bila kujali umbo la mtu, karibu kila kaya ilisema inachemsha. Hakuna aliyejiuliza imekuwaje watu waliowasikiliza mabwana mifugo vizazi viwili bila kuwatii wakashawishiwa na ng'ombe wa kuchorwa. Mafanikio hayapendi kuulizwa maswali.

Mafanikio haya yalikuwa na baba, naye ni Halfani, mdadisi wa mradi, kijana wa Katesh kutoka familia ya wauza vitenge. Alikuwa na stashahada ya afya ya jamii, pikipiki ya mradi, na kishikwambi kilichojaa maswali kuhusu bruselosisi. Wafugaji wanaufahamu ugonjwa huo kwa kuwa huwafanya ng'ombe watupe mimba. Kwamba binadamu naye huupata kwa kunywa maziwa mabichi, akaugua homa za jioni na maumivu ya mgongo, ni habari ambayo vituo vingi vya afya huichukulia kama uvumi. Mgonjwa huandikiwa dawa ya malaria, akirudi ya taifodi, na akiwa na ujasiri wa kurudi tena, hushauriwa apunguze mawazo.

Daktari Farida Shumbana, kiongozi wa utafiti, hakuwa mtu wa kuridhika na majibu ya midomo. "Mdomo unajua kumpendeza mgeni," aliwaambia wadadisi wake siku ya kwanza. "Nataka ushahidi unaojitegemea." Wadadisi wengine waliandika maneno hayo na kuyasahau. Halfani aliyatii, na ushahidi akaupata puani.

Kila boma alilofika alipewa kikombe cha maziwa. Kukikataa hakukuwezekana, kwani pande hizo anayekataa maziwa huwa amemkataa mwenye nyumba, ng'ombe wake, na marehemu mama yake kwa pamoja. Maziwa yenyewe yalinukia moshi, na mara nyingine chembe nyeusi zilibaki chini ya kikombe. Halfani, aliyelelewa kwa maziwa ya paketi, akajenga hoja: pafukapo moshi pana moto, na maziwa yenye harufu ya moshi bila shaka yamekaa motoni. Basi akawa ananusa, anakunywa, anaandika: yamechemshwa. Daktari Shumbana alipoelezwa utaratibu huo alimtazama kama mtu anayetambua kipaji mahali asipokitarajia, kisha akaupa jina: uthibitisho wa hisi wa papo kwa papo. Ukaingia katika mada ya kitaalamu, sehemu ya mbinu.

Homa ilimwanza Halfani wakati wa mavuno. Haikuwa homa ya kumlaza mtu. Ilikuwa na adabu, ikimwacha afanye kazi mchana na kumtembelea jioni, ikaondoka alfajiri na kumwachia shuka lililolowa jasho. Baadaye mgongo nao ukajiunga. Pale Katesh, katika zahanati ya mtu binafsi, alipimwa malaria, ikakosekana, akapewa dawa ya malaria. Akapimwa taifodi, ikapatikana, kama inavyopatikana kwa kila anayeitafuta, akapewa dawa yake pia. Mama yake aliona kijana anakonda, akashuku kuna binti.

"Mama, ni homa."

"Homa gani ya jua likizama? Niambie tu ni wa nani, tukawasalimie wazazi wake."

Kwa sababu jioni hakuwa na nguvu tena, Halfani alianza kuzuru kaya asubuhi sana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hivyo ndivyo alivyofika nyumbani kwa Akonaay na mkewe Marieta kabla ya ng'ombe kumaliza kukamuliwa. Mzee Akonaay alikuwa ameegemea ukuta, amejifunika blanketi, akilitazama shamba lake la ngano kama mtu anavyoutazama mzigo wa mwenzake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unashuka kwenye pikipiki kama mjamzito?"

"Mgongo, mzee."

"Wapi? Hapa chini?"

"Hapo hapo."

"Na jioni unatetemeka?"

"Natetemeka."

"Asubuhi umelowa?"

"Kama nguo iliyofuliwa."

Mzee alimtazama kwa huruma ya kweli. "Pole sana. Huo ni uzee. Mimi nao umenishika tangu mwaka juzi, sijashika jembe. Ila kwako umewahi mno. Huko Katesh mnakula nini?"

Macho ya Halfani yalikuwa yamekwenda uani. Marieta alitoa jikoni kijinga cha moto, akakisukuma ndani ya kibuyu, akakizungusha huku moshi ukifuka mdomoni mwa kibuyu, akakichomoa na kukung'uta majivu. Kisha akachukua kata ya maziwa iliyotoka moja kwa moja chini ya ng'ombe, povu likiwa bado halijatulia, akayamimina ndani. Akatikisa. Akajaza kikombe na kukileta kwa mikono miwili.

Kilinukia moshi.

"Mama," alisema Halfani, na sauti yake ilitoka mbali, "hayajachemshwa haya."

"Yachemshwe kwa nini? Wewe si mgeni? Ya kuchemsha ni ya chai, na ya mtu aliyelazwa."

"Na yale ya siku zote?"

"Haya haya. Kibuyu lazima kichomwe ndani, la sivyo maziwa yanaharibika. Hata mtoto anajua."

"Lakini nilikuuliza. Ukaniambia mnachemsha!"

Marieta aliweka mikono kiunoni. "Sasa ningesemaje? Umetoka Katesh na vumbi lote lile, umenipa fulana, unaniuliza kwa upole kama mtu anayeomba mchumba. Niseme hapana, uende umenuna? Halafu nikikuletea kikombe unafumba macho, unanusa, unatabasamu kama padri mbele ya divai. Nikamwambia huyu mzee: kijana wa dukani, lakini maziwa anayajua."

"Nilisema mimi huyu ni mgonjwa," alinong'ona Akonaay, kwa fahari ya mtu ambaye hatimaye kauli yake imethibitika.

Kwa hali hiyo sayansi ilikuwa imepiga hatua. Halfani alielewa, akiwa amesimama na kikombe mkononi, kwamba haugui taifodi, wala mzee wa watu haugui uzee. Alielewa pia kwamba ugonjwa huo unatibika kwa vidonge vya wiki kadhaa, lakini hakuna daktari atakayeviandika bila kipimo, na kwamba vitendanishi vya kipimo hicho havikuwepo kwingine katika wilaya zote mbili za utafiti isipokuwa katika jokofu la mradi, Mbulu, ambalo yaliyomo yangerudishwa chuoni mara baada ya mkutano wa kutangaza matokeo. Mkutano ulikuwa juma lile lile.

Alipanda hadi Mbulu siku hiyo hiyo, akisimama njiani kila mgongo ulipomwamuru. Daktari Shumbana alimpokea ofisini akiwa amejitanda mtandio, kwa maana baridi ya Mbulu haiheshimu shahada. Alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke makini, na umakini wake ndio uliomponza Halfani.

"Unaomba nikupime bruselosisi."

"Ndiyo, Daktari. Na mzee Akonaay wa Gehandu."

"Umekunywa maziwa mabichi?"

"Karibu kila boma."

"Hapana. Umekunywa maziwa yaliyochemshwa. Ninayo taarifa yako, imehakikiwa. Umethibitisha mwenyewe, kaya baada ya kaya."

"Nilikosea, Daktari. Ule moshi ni wa kibuyu. Wanakifukiza kwanza."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akairudisha, ukweli ukabaki pale pale. "Halfani, mada imekwisha kubaliwa. Imepitiwa na wataalamu watatu, hakuna aliyetaja kibuyu."

"Wataalamu hao wamewahi kufika Gehandu?"

"Mapitio ya kitaalamu hayafanyiki kwa kutembea." Alisema hivyo bila kutabasamu. "Sikiliza. Nikikupima ukakutwa nao, itakuwa umeambukizwa katika kaya ambazo kwa mujibu wa matokeo yetu hazina njia ya maambukizi. Kitakwimu wewe hauwezekani. Pumzika. Unafanya kazi kupita kiasi."

Halfani alitoka akiwa mtu wa kwanza katika familia yao kukanushwa na takwimu zake mwenyewe. Jioni homa ilimjia kwa wakati, haikuwa na habari kwamba haiwezekani.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa parokia, Mbulu. Walikuwapo maofisa wa wilaya zote mbili, mwakilishi wa wafadhili aliyetikisa kichwa kila Kiswahili kilipozungumzwa, na wanufaika wachache walioletwa kwa gari ili waonekane wakinufaika. Miongoni mwao walikuwa Marieta, ndani ya fulana ya kijani juu ya gauni la kanisani, na Akonaay, aliyeketi kwa kalio moja. Halfani alikuwa amewapangia viti karibu na mlango, karibu na chake. Mgongo wake ulikuwa umemtaka asije, lakini alikuja, kwa kuwa sanduku la kubebea vitendanishi alikuwa ameliona kwenye varanda ya ofisi, likisubiri barafu ya safari.

Daktari Shumbana alieleza matokeo kwa ufasaha. Michoro ilipanda, mingine ikashuka, yote kuelekea panapotakiwa. Akafika kwenye uthibitisho wa hisi, akaupita upesi, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa. Kisha ofisa mmoja, kwa nia njema ambayo ndiyo huharibu mikutano mingi, akaomba mnufaika mmoja atoe ushuhuda.

Marieta hakusubiri kuchaguliwa. Aliinama, akainuka na kibuyu na kikombe alivyokuja navyo amevificha chini ya khanga, akapita mbele.

"Shikamooni wakubwa. Mimi siwezi kusema mengi. Huyu mama ametufundisha, ametuvisha, na hajawahi kufika kwangu akanywa hata kikombe. Kijana wake amekunywa mpaka amepungua. Nimeona aibu. Nimemletea."

Watu walipiga makofi. Akamimina. Kikombe kilijaa, chembe mbili nyeusi zikielea katikati kama sahihi, akampa Daktari kwa mikono miwili na kupiga goti.

Halfani alisimama bila kujua. Katika ukumbi ule, ukiacha wanufaika wenyewe, ambao hawakuona tatizo, walikuwamo watu wawili tu waliojua kilichomo: aliyekipokea, ambaye alikuwa ameambiwa siku tatu zilizopita; na yeye. Angeweza kupiga kelele. Alimtazama Daktari, naye Daktari akamtazama yeye, na kwa muda mfupi msomi yule alifanana na mtu wa kawaida. Akikataa, ni kwamba maziwa ni mabichi, na mada yote ni mbichi pamoja nayo. Akinywa, utafiti unasimama.

"Daktari," alisema Halfani, kwa sauti iliyosikika mpaka mbele, "si lazima. Mwambie tu ukweli. Mama hatakasirika."

"Ukweli gani?" aliuliza ofisa.

"Nitakasirika kidogo," alisema Marieta.

Mwakilishi wa wafadhili aliinua simu apige picha. Hilo ndilo lililoamua. Daktari Farida Shumbana aliinua kikombe, akanywa kwa utulivu wa mtu anayetia saini, hakukishusha hadi kilipoisha, akakirudisha kikiwa kitupu. Ukumbi ulishangilia. Marieta alifuta chozi.

"Niongeze?"

"Ahsante, mama. Imetosha."

Kesho yake asubuhi sanduku halikuwa tena kwenye varanda. Vitendanishi vilirudi ndani ya jokofu, na waraka ukatoka kwamba, kwa sababu za kiusalama, shughuli za maabara zinaongezwa muda, kwa kuwa kipimo hakionyeshi kitu damuni mpaka zipite wiki kadhaa tangu mtu alipojiweka hatarini. Waraka haukutaja ni mtu gani. Ulieleza tu kwamba katika kusubiri ni lazima kuhakikisha vitendanishi bado vina nguvu, na kwa hiyo watafutwe watu wawili wenye dalili zinazofaa.

Clement, fundi sanifu wa maabara, aliwaita Halfani na Akonaay. Daktari Shumbana mwenyewe alisimama nyuma ya mlango wa kioo, mtandio mabegani, akitazama kwa shauku ambayo hakuwahi kuionyesha kwa damu ya mtu. Halfani alimsogezea mzee kiti cha mbele.

"Tangulia, mzee."

"Nitangulie wapi? Uzee hauna dawa."

"Huu unayo. Kunja mkono wa shati."

Clement alichanganya tone la damu na tone la kimiminika cha waridi kwenye kigae cheupe, akakiyumbisha polepole. Mchanganyiko ukaanza kuganda vichembe vichembe. Akachanganya la Halfani, nalo likafuata bila hata kujivuta. Nyuma ya kioo Daktari aliweka kiganja tumboni.

"Wote wawili wanao," alisema Clement. "Vitendanishi ni vizima kabisa."

"Kwa hiyo mimi siyo mzee?" aliuliza Akonaay.

"Wewe ni mzee," Halfani alimjibu, akipokea karatasi ya dawa ambayo Daktari alikuwa ameipenyeza kupitia mlangoni ikiwa na majina mawili na nafasi ya la tatu. "Lakini mwezi wa kulima utashika jembe."

Akonaay aliushusha mkono wa shati, na uso wake ukaonyesha kwamba si habari njema peke yake. "Basi," alisema hatimaye, "Marieta asiambiwe leo."