Kofi Nyuma ya Pazia

Siku hiyo baba yake alitawadha mara tatu kabla ya adhuhuri, na kila mara aliamini ni ya kwanza. Binti, fundi cherehani, alimwona kupitia mlango wa nyuma wa kibanda chake, mguu umemganda juu ya kanyagio. Mzee ananawa viganja, anasukutua, anapandisha maji puani, uso, mikono mpaka viwikoni, anapaka kichwa, masikio, anamalizia miguu. Hana haraka, kila kiungo kwa zamu yake. Anafunga bomba, anatembea hatua sita, anasimama, anaitazama mikono yake. Halafu huyoo, anarudi bombani.

Mikono haikuwa imesahau kitu. Kilichosahau ni kichwa, na kwa bahati mbaya kichwa ndicho kinachohesabu.

Mzee huyu alikuwa seremala, na mtaa mzima wa mafundi ulimwita Mzee Rula. Alinyoosha mbao, na alinyoosha watu pia. Kabla ya takbira alipita mbele ya safu akikagua miguu, na ole wake ambaye dole gumba lilitangulia mstari. Aliambiwa mbele ya wenzake arudi nyuma na dole lake. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa msikiti mdogo uliobanwa katikati ya karakana, akasalisha adhuhuri na alasiri, maana imamu mwenyewe alifundisha shule ya mbali na hakufika ila magharibi. Mkewe alifariki, mikono ikaanza kutetemeka, randa ikawekwa juu ya kabati. Ukabaki ufunguo. Bintiye alikuwa na hakika kwamba atakayeutoa ufunguo ule mfukoni mwa baba atakuwa ameung'oa na uti wa mgongo.

Miezi mitatu nyuma, mzee akiwa na mafua, alisali magharibi nyumbani. Binti alikuwa akikunja nguo kitandani. Mzee alipotoa salamu aligeuka.

"Mwanangu, nimesali ngapi?"

"Nne, baba."

"Magharibi?"

"Magharibi."

Mzee aliunyoosha mkeka. Kisha akasimama, akasali upya zile tatu, kwa sauti, akizishika moja moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alipomaliza akasema, "Hili libaki humu ndani."

"Na msikitini je?"

"Msikitini nina watu nyuma yangu. Nikikosea wataniambia."

Wangemwambia! Binti aliwajua watu wale vizuri kuliko baba yake. Fundi baiskeli, mchoraji mabango, yule jamaa wa kuziba pancha, wote walikuwa vijana wadogo Mzee Rula alipoanza kuwanyoosha safu. Sheria wanaijua: imamu akikosea, mwanamume aseme "Subhanallah" naye akumbuke. Lakini kuijua sheria ni jambo moja, na kumsahihisha mtu aliyekufundisha kukaa tahiyatu ni jambo jingine. Mkubwa akijikwaa, wadogo hutazama pembeni.

Basi tangu siku ile kila adhuhuri alifunga cherehani, akavuka njia, akaingia chumba cha wanawake nyuma ya pazia. Mara nyingi alikuwa peke yake. Na mwanamke naye ana haki yake katika sheria: imamu akisahau, hasemi, anapiga kofi, kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Mara mbili katika miezi hiyo mzee aliinuka kwenda rakaa ya tano, safu nzima ikafyata ulimi, na kofi likalia kutoka nyuma ya pazia. Mara zote mbili mzee alirudi akaketi, akasujudu zile sijda mbili za kusahau, akatoa salamu, na dunia ikaendelea. Hakuna aliyesema neno. Wala wao wawili hawakulizungumza nyumbani.

Lakini kulinda mtu ni kazi inayokula mlinzi. Fundi cherehani alikuwa amekonda. Alishona mikono ya blauzi kinyumenyume, akafumua, akashona tena kinyumenyume. Usiku aliota takbira. Na siku hiyo, baada ya kuona udhu mara tatu, alivuka njia roho ikiwa mkononi.

"Allahu akbar," sauti ya baba ilisema, na safu ikaingia kwenye sala.

Adhuhuri husomwa kimyakimya, na huo ndio ulikuwa ugumu wake. Pazia lilikuwa zito, alilishona mwenyewe na akajilaumu kwa kuchagua kitambaa kizuri hivyo. Haoni, hasikii kisomo. Anasikia takbira tu, na "Samiallahu liman hamidah" mzee anapoinuka kutoka rukuu. Hiyo huja mara moja kila rakaa, basi hiyo ndiyo aliyoihesabu. Ya kwanza. Rukuu, itidali, sijda, kikao kifupi, sijda. Ya pili. Wakaketi tahiyatu ya kwanza. Midomo yake ilikwenda lakini moyo ulikuwa umebandika sikio kwenye pazia. Angeulizwa pale kama amesoma Fatiha, asingejua la kujibu.

Wakainuka. Na ndipo bomba lilipomjia. Mzee alipotawadha mara ya tatu, alilifunga? Akaona maji yanajaa uani, yanapita chini ya mlango, yanafika kwenye gauni la bibi harusi lililokuwa limetandazwa sakafuni ili lipindwe. Akaliokoa gauni, akalianika, akamwomba radhi mama wa bibi harusi, akajibiwa maneno makali. Mwili wake uliinama na kusujudu pamoja na watu. Yeye hakuwepo.

"Allahu akbar." Mzee alikuwa anainuka kutoka sijda.

Fundi cherehani alishtuka akarudi. Anainuka kwenda wapi? Hii iliyokwisha ni ya ngapi? Alitafuta ile "Samia" ya mwisho kichwani, akaipata, lakini haikuwa na namba. Ya tatu? Ya nne? Safu ilikuwa imenyamaza, na safu ile hunyamaza mzee akikosea. Hunyamaza pia akipatia, ila hofu haikumpa nafasi ya kulifikiria hilo. Akiwa hana hakika hata chembe, alipiga kofi.

Lilisikika kama ubao uliopasuka.

Alisikia kanzu ya baba ikisita. Mtu mmoja, fundi baiskeli kwa sauti yake, akasema, "Subhanallah!" Na hapo mzee akaketi.

Masikini fundi baiskeli. Alitaka kusema simama, mzee, usikae. Lakini neno ni lile lile kwa kosa lolote, na mzee alilihesabu kuwa shahidi wa pili. Akasoma tahiyatu. Akasujudu sijda mbili. Akatoa salamu kulia, akatoa kushoto. Mnong'ono ukaanza safuni, na binti, nyuma ya pazia lake zuri, akasogea kusikiliza.

"Mzee," fundi baiskeli alisema taratibu, "hizi ni tatu."

"Wote mna hakika?"

Walikohoa, kila mmoja kwa namna yake. Walikuwa na hakika.

Mzee Rula hakubisha. Aligeukia tena kibla, akasimama, akasalisha rakaa iliyobaki, tahiyatu, sijda mbili za kusahau, salamu. Kisha akageuka akawakabili.

"Nani aliyepiga kofi?" mchoraji mabango aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeshaanza kujuta kabla hajamaliza.

"Aliyepiga alinikumbusha kwa nia njema," mzee alisema. "Aliyechanganya ni mimi. Sala zenu ziko shingoni mwangu, na shingo yenyewe hii hapa, mnaiona." Hakuna aliyecheka. "Shika wewe, fundi baiskeli. Alasiri utasalisha."

Binti alisikia ufunguo ukitoka mfukoni. Alikuwa na mdomo, na pazia si ukuta. Angeweza kusema: ni mimi niliyekosea, baba alikuwa sawa. Hakusema, kwa aibu, na kwa sababu angeulizwa alikuwa anamlinda baba yake na nini. Aliogopa. Akabeba viatu vyake mkononi akatokea mlango wa nyuma.

Bomba alilikuta limefungwa vizuri kabisa.

Hakushona. Alikaa mbele ya cherehani mpaka kivuli kikaziba mlango; fundi baiskeli, mikono imejaa grisi, ufunguo ameufunga kwenye kitambaa safi asiuchafue.

"Dada, mzee yuko wapi?"

"Amelala ndani. Kaka, sikiliza. Baba hakukosea. Ile ilikuwa ya nne anaiendea. Nimekosea mimi."

"Tunajua."

"Mnajua?"

"Safu nzima inajua. Tulikuwa tunahesabu sote." Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Dada, wewe unakuja adhuhuri. Alasiri huji, una wateja. Alasiri ndiyo balaa. Kuna siku tumesali tano, kuna siku tatu. Mara ya kwanza nilisema Subhanallah. Akarudi, lakini sauti ilimtetemeka mpaka salamu, nikatamani ardhi inimeze. Sikusema tena. Tukitoka pale kila mtu anakwenda kwenye kibanda chake, anafunga mlango, anasali upya. Mimi nasalia nyuma ya tairi."

"Wote?"

"Wote. Na tunafichana, kila mmoja anajifanya yuko peke yake. Juzi nimemfumania mchoraji mabango akisujudu nyuma ya bango la sabuni." Alitaka kucheka, ikashindikana. "Leo mzee alikuwa sawasawa, ndiyo. Lakini ameshaachia mwenyewe, kwa heshima yake, bila mtu kumwambia. Nyamaza tu, dada. Ukimwambia alikuwa sahihi, atarudi kesho. Na sisi hatuna ubavu wa kumtoa."

Akaondoka na ufunguo wake kwenye kitambaa, na hakuonekana kuufurahia hata kidogo.

Yaani ilikuwa rahisi hivyo: anyamaze, mambo yapone yenyewe. Watu wasali sala zao kamili, mzee apumzike, yeye mwenyewe alale usingizi. Alijiambia hivyo akainuka, akachukua mkasi, akauweka. Kisha akamsikia baba akikohoa chumbani, akamwita.

Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kofia mapajani.

"Keti, mwanangu. Nataka kukuuliza, na usinionee huruma." Alivuta pumzi. "Siku hizi nikisimama mbele ya watu sina hakika na chochote. Nasikiliza nyuma yangu kama mwizi. Lakini leo, wallahi, leo nilikuwa nimezishika. Ya kwanza nilisoma Kauthar, ya pili nikasoma Ikhlas, tukakaa, ya tatu Fatiha peke yake, naiendea ya nne. Nilikuwa naijua kama ninavyokujua wewe. Ndipo nikasikia mkono wako."

"Sasa kwa nini ulikaa, baba?"

"Kwa sababu ni mkono wako. Mara mbili umeniokoa. Nikasema, kati ya kichwa hiki na mkono ule, niamini mkono." Alikuwa anazungusha kofia vidoleni. "Wakasema ni tatu, nikadhani niliporuka ni hapo katikati. Lakini nikizirudia, nazipata zote. Sasa niambie. Ile nayo niliiota? Maana kama hata ile niliyokuwa na hakika nayo ilikuwa uongo, basi mwanangu, sijui tena ninaposimama ninasimama mbele ya nani."

Machozi yalimlenga binti. Fundi baiskeli alikuwa ameomba jambo dogo tu, na la busara. Akinyamaza, watu ishirini watasali sala zao vizuri. Akinyamaza, mtu mmoja atalala leo akiamini hana tena hata sala moja aliyoipatia. Na akisema, kesho mzee atasimama mbele tena na dhahama itaanza upya.

"Ilikuwa ya nne," alisema. "Ulikuwa sawa kabisa, baba. Mimi nilikuwa nawaza bomba. Nilipotea, nikaogopa, nikapiga."

Mzee alimtazama, na binti akangoja kukaripiwa, angeshukuru kukaripiwa.

"Kauthar," mzee alisema. "Halafu Ikhlas."

"Ndiyo, baba."

"Alhamdulillahi." Akajifuta uso kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. "Alhamdulillahi."

"Nimwite fundi baiskeli? Nimwambie arudishe ufunguo?"

Mtoto wake aliona jinsi alivyoutaka, mkono ukienda wenyewe mfukoni na kukuta hakuna kitu.

"Hapana," alisema hatimaye. "Unadhani sijaona milango inavyofungwa baada ya alasiri? Karakana gani inafunga mlango saa za kazi? Nilijua, nikajifanya sijui. Niliogopa kuondoka siku niliyokosea, ningeondoka nalo kosa hilo mpaka kaburini. Bora niondoke leo, siku niliyopatia."

Nje, fundi baiskeli alikuwa anaadhini alasiri, sauti ikimkatika kwa woga. Mzee Rula alivaa kofia, akashika bega la bintiye, akainuka.

"Twende. Nitakaa safu ya kwanza, nimwangalie na dole lake." Mlangoni akasimama. "Na wewe leo usinihesabie. Umesali miezi mitatu sala zangu. Kasali zako."