Mume wa Waisiko

Karani wa mahakama aliponiambia nikae nje, nilikasirika. Nimetoka Gorong'a alfajiri na goti langu bovu nije kumtetea Heche, halafu binti wa juzi ananionyesha benchi la uani.

"Shikamoo mama. Wewe ni shahidi. Shahidi hasikilizi wenzake wanasema nini."

Nikamwambia masikio yangu hayajawahi kumfunga mtu. Akafunga mlango.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu. Heche alishtakiwa kuiba gunia la mawe ya dhahabu machimboni. Mlinzi aliapa kwamba usiku ule alimmulika tochi usoni akikimbia. Gunia lenyewe likawekwa mbele ya hakimu, likaitwa kielelezo, utadhani limepewa cheo. Wakili hatukuwa naye. Utetezi wa Heche ulikuwa mmoja tu: usiku huo alikuwa kwetu, anamzalisha ng'ombe. Tusipoaminika, anakwenda jela.

Heche ni mdogo wake Waisiko, na Waisiko ni mke wangu. Ndiyo, mimi ni mwanamke. Sikujaliwa mtoto, mzee wangu Nyamhanga akafariki, nikatoa ng'ombe nikamuoa Waisiko ili watoto atakaozaa wawe wa nyumba yangu. Sisi Wakurya tunaiita nyumba ntobhu. Zamani Heche aliniita shemeji. Alipoingia machimboni, marafiki zake wa mikoani wakamcheka, akaanza kuniita bibi. Iliniuma, sifichi.

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa baadaye. Waisiko aliulizwa nani walikuwepo usiku ule. Akasema ni yeye, Heche na mume wake. Mwendesha mashtaka, Inspekta Lusekelo, mtu wa Mbeya, akainua maelezo ambayo Waisiko aliyatoa polisi.

"Hapa ulisema nyumbani kwenu hakuna mwanaume."

"Hakuna."

"Na mume wako alikuwepo?"

"Alikuwepo. Ndiye alishika chemli."

Watu wakacheka. Lusekelo akamwomba hakimu aone kwamba shahidi huyu ni mwongo wa mchana kweupe. Waisiko wangu, Kiswahili kimemkaba, akashindwa kujieleza. Nikifikiria alivyosimama peke yake pale, mpaka leo natamani kuuvunja ule mlango.

"Aitwe huyo mume," akasema hakimu Laurensia.

Nikaingia mimi na kitenge changu. Nikaapa, nikaulizwa uhusiano wangu na Waisiko.

"Ni mke wangu. Nilimuoa kwa ng'ombe, na ukoo mzima ulikuja kula."

Kicheko kikapanda mpaka hakimu akagonga meza. Yeye hakucheka. Alikuwa mgeni kwetu, lakini alitaka kuelewa. Aliniuliza, nikamweleza, akaandika polepole. Kisha Lusekelo akaniuliza bila hata kunitazama, "Haya, huyo ndama alitokaje?"

"Vibaya. Alitanguliza miguu ya nyuma. Heche akafunga kamba, akavuta. Ng'ombe akaipiga chemli teke, kioo kikavunjika, tukamalizia gizani. Ndama mwekundu, sikio moja jeupe."

Hapo Lusekelo akanitazama, na mimi sikujua kwa nini. Hakimu akarudi nyuma kurasa kadhaa, akasoma maneno ya Waisiko kwa sauti: miguu ya nyuma, kamba, kioo cha chemli, sikio jeupe. Akamgeukia karani.

"Mama huyu alikuwa wapi wenzake wakitoa ushahidi?"

"Nje, mheshimiwa. Mlango niliufunga mwenyewe."

Nilimsamehe binti yule palepale.

Siku ya hukumu hakimu alisema mtu anayekimbia gizani, akimulikwa mara moja na tochi, ni rahisi kumfananisha na mwingine. Ushahidi wetu ameuamini, na upande wa mashtaka umeshindwa kuondoa shaka. Heche akaachiwa huru.

Nilitoka mapema nikakaa kwenye benchi langu la uani. Wachimbaji wenzake walikuwa wamejaa mlangoni wakimsubiri, na mimi nilikuwa nimemwandalia maneno makali kuhusu lile jina la bibi. Akatoka, akawapita wote, akaja kuinama mbele yangu.

"Shikamoo, shemeji," akasema, kila mtu akasikia.

Maneno yangu makali sikuyaona yalipokwenda. Machozi yalinitoka mbele za watu, mzee mzima mimi.

"Marahaba," nikamwambia. "Twende nyumbani. Dada yako amepika."