Kiondo cha Ciakuthii

Njuki alikuwa na haja moja tu duniani: amwoe Igandu. Ciakuthii, mama wa msichana, alikuwa hajasema ndiyo wala la. Kwa akili zake za ujana Njuki akaona kwamba mama huyo akimwona na kaptura ya serikali na viatu, ndiyo itatoka yenyewe. Basi ilipotangazwa, miaka ile ya Hali ya Hatari, kwamba Embu wanatafutwa askari, yeye alifika kabla ya jua.

Mbio aliweza, kifua kilitosha. Lakini inspekta mzungu alikuja na jipya: eti askari sharti apimwe tabia. Kila kijana angesimama penye kizuizi cha barabara ya Manyatta, apekue kiondo cha mwanamke wa kwanza kupita kwenda sokoni.

Koplo Riungu, mtu wa Meru, alitafsiri, kisha akaongeza lake. "Bwana anataka mtu wa uso mkavu. Ukisitasita, rudi kwa mama yako."

Abdulatif, mtoto wa mchinjaji, alipekua viazi vya bibi mmoja kwa adabu zote, akapita. Ikaja zamu ya Njuki. Kuinua macho, anayekuja na kiondo mgongoni ni Ciakuthii mwenyewe.

Sasa, kwa Waembu kijana hakutani uso kwa uso na mama wa mchumba wake. Akimwona njiani, humpisha. Kumshika kiondo? Heri ashike kaa la moto. Njuki aliruka mtaro, akapenya ua wa mkonge, akasimama katikati ya mahindi akiipa barabara mgongo.

Inspekta alicheka hadi akakohoa. "Mwoga," alisema, akamfuta. Riungu alielewa vizuri, maana Meru nako wakwe hupishana, ila unga wake ulitoka kwa inspekta, akamwita kijana aliyefuata.

Njuki alirudi nyumbani na uchungu mwingi. Viatu vimekwenda, na Igandu naye.

Jioni akaja Kithaka, kaka yake Ciakuthii, akamkuta anajitoa miiba ya mkonge miguuni.

"Dada yangu amenituma," alisema. "Anasema watu wa kumpekua wako wengi. Wa kumpisha amemwona mmoja tu. Wazee wenu walete pombe ya posa."

Njuki aliendelea kutoa miiba, akicheka peke yake.