Mvua Iliyoombwa Bwera

Mwaka ule wa 2017 jua liliwaka juu ya Kasese tangu kabla ya Krismasi, na hadi Februari inakaribia kwisha lilikuwa halijachoka. Milimani juu ya Bwera, bibi Musoki alipanda maharage mara mbili, na mara mbili yakaungua yakiwa na majani mawili tu. Lakini chini kule Kabatoro, kwenye ziwa la chumvi la Katwe, jua lile lile lilikuwa linampikia binti yake Gorret chumvi ambayo hajapata kuiona tangu aolewe. Kidimbwi chake cha kukaushia chumvi kilikuwa kimeshika ganda jeupe, nene, la kutia moyo. Ndiyo dunia ilivyo: kinachomliza mama kinamneemesha binti, na wote wawili wanasali kwa Mungu mmoja.

Wala usidhani Gorret alikuwa anacheka. Mumewe Nobert alikuwa amelazwa hospitali ya Bwera, wiki ya tatu sasa. Pande la chumvi ya mwamba lilimwangukia mguuni akiwa kazini ziwani, mfupa ukasagika, na kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Daktari hakuzunguka: mguu huu unaweza kuokolewa Kampala, tena kabla wiki ijayo haijaisha. Jumatatu itakayofuata akiwa bado yupo hapa, utakatwa. Gorret alikuwa ameshauza mbuzi, ameuza kitanda, ameuza hata baiskeli ya Nobert. Kilichobaki ni kile kidimbwi.

Jumamosi alifika Thembo, mchuuzi wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Akainama, akaokota punje, akaonja, akatikisa kichwa kwa raha, akamwita Gorret kwa jina la mwanawe.

"Mama Davis, hii iko muzuri kabisa. Mi nitabeba yote. Siku ya tano niko hapa na kamyo."

Siku ya tano kwao ni Ijumaa. Alhamisi kukwangua, Ijumaa kamyo, yaani lori, na pesa mkononi, Jumamosi Nobert yuko njiani kwenda Kampala. Mambo yalipangika sawasawa, na mambo yakipangika hivyo mtu mzima huanza kuogopa.

Jumapili Gorret alikwenda kumwona mgonjwa wake, kisha akachukua boda boda hadi mlimani kusali na mama yake. Mwalimu Tefiro, anayehubiri katika kanisa lile dogo, siku hiyo alihubiri vizuri. Alisema sisi tunaona kutoka bondeni, Mungu anaona kutoka kileleni, na kinachotuzibia njia sisi, Yeye anaona mpaka nyuma yake. Watu wakaitika, ingawa kwa sauti za njaa. Kisha akasema leo ni kuomba mvua tu. Nani atatuongoza?

Bibi Musoki alisimama kabla mtu hajakohoa.

"Binti yangu ataomba. Gorret akiomba, Mungu iko nasikia."

Gorret alitamani ardhi ipasuke. Hakuwa amemwambia mama yake habari ya kidimbwi, maana mama ana yake ya kutosha. Sasa aseme nini mbele ya kanisa zima? Kwamba mvua ikifika Katwe chumvi itayeyuka, na mguu wa Nobert utakwenda nayo? Mbele yake alikuwa amekaa mama huyo huyo, shingo imebaki mishipa, mwanamke anayekula mara moja kwa siku ili wajukuu wale mara mbili. Basi akaomba. Aliomba kwa sauti mpaka wanawake wakalia, na yeye akalia. Lakini chini ya maneno hayo, kwa siri, alikuwa anamwelekeza Mungu kama mtu anavyomwelekeza dereva wa boda: Baba, nyesha hapa mlimani, teremka mpaka Mpondwe ukipenda, ila ukifika Kikorongo, kabla ya Katwe, tafadhali geuza.

Mvua ilikuja Jumatano mchana, na ilikuja Katwe.

Gorret alikuwa pale pale kidimbwini. Aliona wingu, akaona maji ya ziwa yakibadilika rangi, na kabla hajajifunga kitenge vizuri matone yakaanza, makubwa, ya baridi. Alichota maji kwa beseni akamwaga nje. Alichota tena. Maji yalikuwa yanaporomoka pia kutoka kwenye kuta za kreta, shimo la volkano lililobeba ziwa, yakapita juu ya vizuizi vya matope, yakaingia kwake na kwa majirani bila kuchagua. Ganda la wiki saba lilikwisha kwa muda wa kuchemsha chai. Gorret aliendelea kuchota huku analia kwa sauti, akijua kabisa kwamba anachota bure, mpaka wanawake wenzake wakaja wakamnyang'anya beseni.

Jioni simu ililia. Alikuwa mama yake.

"Gorret, huko imenyesha?"

"Imenyesha, mama."

"Sana?"

"Sana."

"Huku hata tone hakuna. Tuliona wingu inapita tu." Kisha bibi akasema kwa furaha ya kweli, "Lakini Mungu amesikia, mwana wangu! Imekosea mlango tu. Itafika na kwetu."

Gorret alikata simu kabla hajasema neno la kumuumiza mzazi. Mungu si Athumani, husema watu, wakiwa na maana kwamba Mungu hawezi kumtupa mja wake. Jioni ile Gorret angependa zaidi kama angekuwa Athumani, maana Athumani unaweza kumfuata nyumbani kwake ukamgongea, ukamuuliza kwa nini.

Kesho yake alikwenda hospitali. Nobert alimtazama akiwa bado mlangoni.

"Imenyesha," akasema.

"Nani amekuambia, Baba Davis?"

"Leo Alhamisi. Chumvi ingekuwepo, ungekuwa unakwangua." Akajiinua kwa kiwiko. "Na kwa mama?"

"Hata tone."

Nobert alianza kucheka, kicheko kikamtikisa mguu, na maumivu yakakigeuza kuwa kitu kingine. Gorret alimfuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Ni mimi niliyeiomba," akasema. "Kwa mdomo wangu mwenyewe, kanisani."

"Najua. Mama alinipigia siku ile ile, anajivuna."

"Basi niambie. Mwalimu Tefiro anasema Mungu anaona kutoka juu. Anaona nini huko juu?" Aliuliza kwa hasira hata mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. "Mama hana chakula, wewe huna mguu. Anaona nini?"

"Sijui, Mama Davis. Mimi niko hapa chini kitandani." Nobert alifumba macho. "Lakini kama haoni kitu, basi tumekwisha. Niombee. Jumatatu inakuja."

Gorret aliweka mkono juu ya bandeji. Mguu ulikuwa wa moto. Akafumba macho, akatafuta neno la kuanzia, hata lile la kila siku ambalo mtoto mdogo analijua, asilipate. Hakuwa na ombi, hakuwa na shukrani, hata lawama zilikuwa zimemwishia. Wauguzi walipita wakarudi. Nobert alisubiri, midomo ameikaza, mpaka akaelewa kwamba hakuna kitakachokuja.

"Amina," akasema yeye mwenyewe, na akaushika mkono wa mkewe usiondoke pale mguuni.