Nusu Sahani

Bwana Sano alichora pembetatu ubaoni, akarudi nyuma kuitazama kana kwamba ameizaa yeye. Meneja huyo wa hoteli alikulia Tanzania, na Kiswahili chake kilinyooka kama shuka lililotoka kwenye pasi. Wanawake wa chumba cha kufulia walimsikiliza wakiwa wamesimama, mikono ikinuka sabuni.

"Chini kabisa, chakula," alisema. "Juu yake usalama, kisha upendo, kisha heshima. Hitaji likishatimizwa halimsukumi mtu tena. Sasa, nimewachunguza mwezi mzima. Mnakula vijiko vichache, mnafunika sahani. Mmeshiba! Kuanzia kesho, chakula cha mchana basi. Badala yake nawapa heshima: kila mwezi cheti, na picha ukutani. Wa kwanza ni Mukandutiye."

Akajipigia makofi mwenyewe.

Msomi gani huyo! Mwezi mzima anachungulia sahani za watu, asiulize hata siku moja ile nusu inakwenda wapi. Ilikwenda nyumbani, ndani ya mfuko, chini ya gauni, maana kutoa chakula nje ya geti ni kufukuzwa. Nusu ya Mukandutiye ilikuwa ya mama yake, Cansilde, aliyelala kitandani mgonjwa tangu Pasaka kule kijijini Cyanzarwe. Kutwa nzima bibi yule hakuwa na mlo mwingine.

Belise, mwenzake wa kupiga pasi, alimwona Mukandutiye anafungua mdomo, akamfinya kiuno. "Nyamaza, we!"

Hakunyamaza. "Bosi, hatushibake. Ile nusu mi napelekeaka mama. Iko mugonjwa. Bon, cheti atakitafuna?"

Sano akaweka kalamu chini. "Kumbe mnatoa chakula nje? Huo ni wizi! Shukuruni siwafukuzi. Basi hata cha leo hakuna." Akamsukumia Mukandutiye karatasi ya cheti. "Na hiki chukua. Kimeshachapishwa."

Sufuria ya maharage ya mchana ule, iliyokwisha kuletwa, ikarudishwa jikoni ikifuka mvuke. Belise akatema mate chini. "Mudomo yako, Mukandutiye! Watoto yangu watakula nini leo?"

Jioni hakuna aliyemuaga. Alipandisha njia ya Cyanzarwe peke yake. Alimlaani Sano, akamlaani Belise, akajilaani na yeye mwenyewe.

Alisukuma mlango polepole. Cansilde alikuwa ameshajikongoja akakaa, ametandaza kitambaa mapajani, kijiko mkononi.

"Mwanangu, leo wamepika nini?"